Kofia ya Wee Ilunga

Sisi tuliokulia kambi ya reli hapa Kamina tulijua Kiingereza ambacho wajukuu wetu hawakijui. Alikileta Mamzele, mzungu wa misioni kutoka Ekosi, yaani Uskoti, mwanamke mrefu mwenye nywele nyekundu. Asubuhi alitufundisha kusoma, mchana alifungua dispanseri. Hata pasta mzungu mwenzake alimwomba arudie maneno, hakumsikia vizuri. Sisi watoto tulimsikia.

"Wisht" ilikuwa nyamaza. "Ai" ilikuwa ndiyo. "Beern" ni mtoto. "Griit" ni kulia: ukianguka ukachubuka goti, alikufuta machozi akikuambia usi-griit. "Klaati" ni mchafu, na hilo tulilipenda kuliko yote. Tuliruka kamba kandokando ya njia ya treni, masizi yakatupaka miguu, halafu kila mmoja akamwambia mwenzake: "Weye, miguu yako iko klaati." Mama zetu walituvuta masikio, walifikiri ni tusi. Na asubuhi za mvua ndogo isiyokwisha Mamzele alisimama mlangoni akasema "drikh", akikwaruza koo kama mtu aliyekwamwa na mfupa wa samaki. Hilo hatukuliweza. Waliojaribu walitema mate tu.

Mjukuu wangu anayesoma Kiingereza kwenye simu ananisahihisha mimi bibi yake: "Kambo, griit njo kusalimia." Sawa. Kwake ni kusalimia, kwetu ni kulia. Kwenye matanga naona watu wanafanya yote mawili, basi sibishani naye.

Lakini neno la Mamzele la kila saa lilikuwa "wii". Wii kikombe, wii kiti, ngoja wii. Sisi tulidhani ni Kifaransa, anasema ndiyo. Tulishangaa tu kwamba mwanamke mkali vile anakubali kila kitu.

Ndipo akazaliwa ndugu yangu. Walimpa jina la Kambo wetu sisi, baba ya baba yetu: Ilunga. Kwetu mtoto aliyebeba jina la mkubwa haitwi ovyo. Mama alimwita Tata, yaani baba, kama alivyomwita baba mkwe wake. Kambo mwenyewe alitoka kijijini kwake kwa miguu hadi Bukama, akapanda treni na kikapu cha samaki wakavu, aje kumwona mwenye jina lake.

Ilikuwa baridi ya mwezi wa sita, na Mamzele aliwafumia watoto wachanga kofia za sufu. Ile ya ndugu yangu aliishonea herufi kwa uzi mwekundu. Mama hakujua kusoma. Baba, aliyekuwa akigeuza njia za treni kule gare, stesheni, ndiye aliyeisoma, tumekaa tunakula bukari na sombe: "Wee Ilunga."

Kambo akarudisha tonge kwenye sahani.

"Soma tena."

Baba akasoma tena, polepole, na safari hii alijua anachosoma.

"Njo vile banafukuza mbuzi mu shamba," Kambo akasema. "Wee. Minyi na bumvi yangu hii." Akazishika nywele zake nyeupe.

Akaamuru mtoto asikanyage tena dispanseri ya yule mwanamke. Enzi zetu mtu hakumjibu baba yake, hata akiwa na mshahara na kofia ya reli.

Haikupita siku nyingi homa ikaja. Mama alimkanda mtoto kwa maji, akamchemshia majani, wapi. Mtoto akakataa ziwa, macho yakaanza kugeuka juu. Mama alikaa mlangoni naye mgongoni, akitazama njia ya dispanseri, na Kambo kwenye kiti chake alimtazama mama. Mke wa mwana hakumkabili baba mkwe wake kwa maneno.

Basi mama akaongea na mtoto, kwa sauti ya kufika kwenye kiti.

"Tata Ilunga, kama uko na kasirani na ule muzungu, enda umuambie weye mwenyewe. Usifie mu nyumba na kasirani yako. Minyi nitakubeba."

Hakuna aliyeweza kusema mama amemjibu baba mkwe wake, alikuwa anaongea na mtoto wake. Kambo akainuka, akaichukua ile kofia, akatangulia. Mama nyuma yake, mimi nyuma ya mama.

Pale dispanseri Kambo aliiweka kofia mezani mbele ya Mamzele. Papa Yoano, mganguzi wetu mweusi, msaidizi wake wa kutoa dawa, alikuwa akitafsiri. Kambo akauliza kwa nini anamwita mwenye jina lake wee. Mamzele akaigeuza kofia, akasoma alichoshona: "Wii Ilunga."

Mimi nikashtuka. Kumbe ile wii yake ya kila saa ndiyo iliyoandikwa wee.

Papa Yoano akamwomba arudie, naye alidhani ni ndiyo. Mamzele akachukua mabeseni ya dawa. Kubwa, akatikisa kichwa. Dogo, akasema "wii". Akamgeukia Kambo, akapanua mikono yote miwili: "Ilunga." Akagusa kichwa cha mtoto: "Wii Ilunga."

Kambo akalishika lile beseni dogo, akaligeuza.

"Kumbe njo mudogo," akasema. Kisha, jambo ambalo sikuwahi kuona mwanamume wa rika lake akifanya, akamfungua mtoto mgongoni mwa mama kwa mikono yake mwenyewe. "Wee yangu iko na homa. Umuponyeshe."

Alipona. Jina likabaki, tena vile alivyolisoma baba: Wee.

Leo watoto wanauliza simu, na jibu linakuja kabla swali halijaisha. Pikipiki zinapita kambini mchana kutwa, treni inakuja ikipenda. Mamzele alirudi kwao zamani. Pale kanisani sisi wanawake wazee bado tunawaambia watoto "wisht", lakini hawanyamazi, na sisi wenyewe tunapungua.

Jumapili ndugu yangu anakuja kwangu kwa pikipiki, na kitambi chake, na ndevu nyeupe. Namwita kutoka jikoni: "Wee, ingia, bukari inapoa." Juzi mjukuu wangu aliona haya mbele ya wenzake.

"Kambo, unaita muzee wa bantu wee?"

Ndugu yangu akavua kofia, akavuta kiti.

"Umuache," akamwambia. "Anabakia yeye tu wa kuniita vile."