Mhudumu wa mochwari anayeongoza sala Likombe

Saa kumi na moja alfajiri, taa ya chumba cha kuhifadhia maiti katika hospitali moja mjini Mtwara inawaka. Ndani, Rozalia Ndunguru (51) anamchana nywele mama mmoja aliyeletwa jana kutoka Kilambo. Anazichana polepole, anazifunga kwa kitambaa cheupe, kisha anauweka ukosi wa gauni vizuri shingoni.

"Pole mama, tunamaliza sasa hivi," anamwambia marehemu, kwa sauti ambayo muuguzi angemwambia mgonjwa anayedungwa sindano.

Nje, kwenye benchi la saruji, ndugu wanasubiri. Rozalia anavua glovu, ananawa, anatoka kuwaambia waingie wawili wawili. Hampi mtu mkono. Miaka miwili na nusu ya kazi hii imemfundisha kumwacha mwenzake aanze, na wengi hawaanzi.

Leo ni Jumamosi. Akishakabidhi zamu ataoga, atavaa kitenge chake na kurudi nyumbani Likombe, ambako kuna sala ya Jumuiya ya Mtakatifu Monika. Yeye ndiye mwenyekiti. Alipochaguliwa, kaya ishirini na tatu zilikuwa zikisali pamoja, nyingi zikiwa za walimu, watumishi wa serikali na wafanyakazi wa bandari waliohamia Mtwara kutoka mikoa mingine. Asubuhi hii wanakuja watu sita.

Wakiondoka, anarudisha ndani viti vilivyobaki bila kukaliwa.

"Navitoa vyote kila mara," anasema. "Sitaki mtu aje akute hana pa kukaa."

Rozalia ni mzaliwa wa Mbinga. Alifika Mtwara na mumewe, Andrea, aliyekuwa amepata kazi bandarini. Yeye aliajiriwa hospitalini kufanya usafi wa wodi, na wanajumuiya walipomchagua kuwaongoza hakuna aliyempinga. Anadhani walimchagua kwa sababu alikuwa akiimba kwa sauti kubwa kuliko wengine. Anacheka kidogo anapokumbuka hilo.

Kisha hospitali ikatafuta mwanamke wa kuhudumu mochwari. Familia zilikuwa zinalalamika kwamba mama zao na binti zao wanavuliwa nguo na wanaume. Wahudumu wote wa kike walikataa. Rozalia aliomba siku moja akazungumze na mumewe. Andrea alimuuliza kama angekuwa amelala pale Doris, binti yao wa pekee, wangetaka nani amshike. Kesho yake alikubali.

Mambo yalianza kubadilika kidogo kidogo. Kwanza ni mama mmoja aliyekuja kwenye sala na kikombe chake cha chai kutoka nyumbani. Halafu uji wa Rozalia ukawa unabaki kwenye sufuria. Nyumba iliyokuwa na zamu ya kupokea sala ikasema ina wageni, na wiki iliyofuata nyumba nyingine nayo ikawa na wageni.

Mwishowe uliitishwa mkutano kwa katibu wa jumuiya, Fredi, mwalimu wa sekondari. Fredi alisema kwa upole kwamba tangu mwenyekiti aanze kazi ile, familia mbili za jumuiya zimefiwa, na watu wanaona ni vyema apumzike uongozi.

"Aliniambia, 'Mama Doris, hatukuchukii, tunaogopa tu,'" anasimulia Rozalia. "Afadhali angenitukana. Matusi ningeyajibu."

Alifunga mkutano kwa sala, akaenda nyumbani.

Masika ya mwaka jana, Andrea alifariki baada ya kuugua figo kwa muda mrefu. Alipelekwa katika chumba kile kile. Mussa, mhudumu mwenzake Rozalia, alimsihi aende nyumbani amwachie shughuli yote. Rozalia akafunga aproni.

"Nilimwambia Mussa, nimewaandaa wake za watu na mama za watu. Huyu ni wangu."

Alimwogesha mumewe, akamnyoa ndevu, akamvisha suti aliyofungia ndoa. Suti ilikuwa imempwaya, akaibana kwa pini mgongoni ili watu wasione jinsi alivyokuwa amekonda.

Kwa kawaida mwanajumuiya akifiwa, wenzake huja na mikeka, kuni na unga, wakalala msibani na kuimba hadi matanga yaishe. Kwa Rozalia wengi walifika mazikoni, kisha wakaondoka kabla chakula hakijapakuliwa. Maneno yalishazagaa kwamba kifo kimemfuata kutoka kazini hadi kitandani kwake.

Aliyelala msibani hadi mwisho ni Bi Mwanahawa, Mwislamu, mkulima wa muhogo na korosho katika kijiji kimoja nje ya mji. Mwaka mmoja kabla, binti yake Salma alifariki akijifungua. Wanawake wa ukoo walikuja mochwari kumwosha kwa taratibu za dini yao. Rozalia aliwachotea maji, akawafungia mlango na kusimama nje akizuia wanaume wasipite. Baadaye alimshika mama huyo mkono hadi kwenye gari.

Bi Mwanahawa alipopata habari za msiba wa Andrea, alikuja na mfuko wa makopa, muhogo uliokaushwa, akatwanga, akapika.

"Huyu alisimama mlangoni kwangu siku ambayo mimi sikuweza kusimama," anasema mama huyo. "Zamu yangu ilipofika nikaja kukaa naye."

Baada ya matanga, Rozalia alikwenda parokiani kuomba apumzishwe uenyekiti. Anasema alichoka kuwaongoza watu wanaokwepa kivuli chake, na aliona hata Mungu amekaa kimya. Padre Josephu alimsikiliza hadi mwisho.

"Alisema hawezi kuniahidi kwamba watu wataacha kuniogopa. Halafu akaniuliza, 'Mama, alfajiri ile ya Pasaka, wale akina mama walikuwa wanaenda kaburini na manukato kufanya nini?' Akajibu mwenyewe, 'Walikuwa wanaenda kuandaa maiti.'"

Rozalia anakiri kwamba hajui hata leo kama alifarijika. Alikwenda akitaka kusikia kwamba wenzake watamrudia, na hakuambiwa hivyo. Lakini alitoka bila kukabidhi uongozi.

Jumamosi iliyofuata aliwaambia wanajumuiya kwamba hatajiuzulu. Anayeona vigumu ahamie jumuiya ya jirani bila ugomvi, na mtu huyo akifiwa, yeye Rozalia atakwenda msibani. Wengi walihama, Fredi akiwa mmojawao.

Mwalimu huyo anazungumza kwa shida. Anasema hajivunii alichofanya.

"Nikikutana naye namsalimia. Nimejaribu kula kwake, nimeshindwa. Namwombea, na nadhani yeye ananiombea zaidi."

Jeraha la karibuni limetoka nyumbani kwake mwenyewe. Doris, ambaye ni mwalimu wa shule ya msingi Msimbati, alijifungua mtoto wa kiume mwezi uliopita, mjukuu wa kwanza. Rozalia alikuwa ameshafunga mzigo wa kwenda kumhudumia mzazi na kumwogesha mtoto, kama mama yeyote afanyavyo kwa binti yake. Simu ikaja kwamba asubiri kwanza. Mama mkwe wa Doris hataki mtoto mchanga aguswe na anayegusa maiti.

Hakubishana. Walimtumia picha, akaitazama, akazima simu na kwenda kuingia zamu.

"Siku hiyo nililia nikiwa kazini. Mle ndani hakuna anayekushangaa," anasema.

Wiki iliyopita Doris alimpigia tena, akamwomba aje mwisho wa mwezi. Amempa mtoto jina la Andrea. Mama mkwe bado hajabadili msimamo, na Doris hajui mkwe huyo atampokeaje mama yake.

Rozalia ameshaomba ruhusa kazini. Sala za jumuiya ataziacha kwa Maria, mmoja wa wale sita, na atapanda gari la asubuhi la Msimbati.

"Nitakwenda," anasema. "Wakinipa mtoto, nitamwogesha. Wasiponipa, nitakaa uani nifue nepi zake."