Tajiri Mwenye Farasi Aliyekonda

Juzi, sokoni Kitshanga, nilimwona bwana mwenye viatu vinavyong'aa akimvuta ng'ombe aliyetokeza mbavu, nikakumbuka alasiri moja ya utoto wangu, darasani Kirolirwe.

Mvua ilikuwa imekatika, na darasa lilinuka chaki na nguo mbichi. Mwalimu alitusomea kwa Kiswahili shairi la kale sana la Waingereza. Ndani yake mlikuwa na tajiri wa joho jekundu, pete tatu na sauti ya upole, aliyepanda farasi aliyekonda.

"Huyu iko muntu wa namna gani?" Mwalimu akauliza.

Wenzangu walisema ni mwema, kwa kuwa amevaa vizuri. Niliinua mkono nusu tu, maana walizoea kunicheka kwamba ninanuka maziwa ya ng'ombe wetu.

"Iko mubaya, Mwalimu. Yeye anashiba, farasi yake inalala na njaa. Akikuya kwetu, Papa asimuuzishe ng'ombe."

Sikujua kwamba tajiri yule aliishi katika shairi tu. Nilidhani yuko hai, pengine upande wa Goma. Mwalimu hata hivyo alinipigia makofi.

Hapo ndipo nilipomwona baba yangu mlangoni. Alikuwa amekuja kuniachisha shule, nikasaidie kazi za nyumbani, na alikuwa amesikia yote.

"Mwalimu, huyu mutoto abakie," alisema taratibu. "Nilikuwa nawaza masomo itamusahaulisha ng'ombe."

Akaondoka peke yake akipiga mluzi, nami nikaketi wima kuliko wote darasani.