Mbuzi wa Korosho

Amna binti Awadhi alikuwa mtu wa kuona aibu hata kupiga chafya mbele ya wakwe. Alizaliwa Mtua, akaolewa na Shaibu katika kijiji kimoja upande wa Mnero, na tangu siku ya kwanza alijua ameingia nyumba gani. Mama mkwe wake, Bi Zaina, ndiye aliyekuwa kungwi wa kijiji. Wasichana wote wa pale walipita mikononi mwake wakati wa unyago, na jambo alilowasisitizia zaidi lilikuwa hili: ukishatoka unyagoni, mambo ya kitoto umeyaacha huko huko. Huruki kamba, hukimbizani na watu, huketi chini na watoto ukafinyanga udongo. Mwanamke akionekana anafanya hivyo, watu hawahangaiki naye. Wanauliza amefunzwa na nani.

Sasa mfikirie mkamwana wa kungwi.

Isihaka, mtoto wake wa kwanza, alitimiza miaka mitatu mwaka 2001 bila kusema lolote zaidi ya "mama". Amna akambeba mpaka kliniki. Nesi Domitila alimpima masikio kwa kugonga kifuniko cha sufuria nyuma ya kichwa chake, mtoto akageuka haraka, nesi akacheka.

"Masikio mazima. Mama Isihaka, nyumbani unacheza naye?"

Amna akatazama chini. Alijiona kama ameulizwa mambo ya chumbani mbele za watu.

"Mimi mtu mzima, nesi."

"Ndiyo maana nakuuliza wewe. Mtoto hajifunzi kusema kwa kukaa mgongoni umenyamaza. Wala sikuambii uache kazi. Unachambua korosho, fanya mchezo na hizo hizo korosho. Unamwogesha, mchezeshe. Unasonga ugali, mwimbie. Mseme pamoja kutwa nzima, utaniletea habari."

Amna alielewa vizuri kabisa. Alitaka mwanawe aseme, alitaka sana. Lakini alimwogopa mama mkwe, na zaidi ya mama mkwe aliyaogopa macho yetu sisi majirani, ambayo kusema kweli ni ya kuogopwa. Akatafuta njia ya katikati. Akaamua kucheza na mtoto akiwa amefunga mlango.

Kila kazi iliyoweza kuhamia ndani ilihamia ndani. Korosho alizichambulia chumbani, dirisha limezibwa kwa gunia. Humo korosho zilikuwa mbuzi, bibo, lile tunda la mkorosho, lilikuwa ng'ombe, ungo ulikuwa zizi. Amna alitambaa kwa magoti na kulia mee, khanga imemvuka, na Isihaka akiwaswaga mbuzi wake kwa njiti. Zikisikika hatua uani, Amna alimwekea mtoto kidole mdomoni, wakatulia wote wawili mpaka mtu apite. Mtoto alikubali bila ubishi. Mama ndiye aliyeuleta mchezo, basi na masharti yake aliyapokea.

Na akasema. Alianza na mee, ikaja mbuzi, na korosho za mwaka uliofuata zilipoanza kudondoka alikuwa anamwamrisha mama yake: "Huyu mwizi, mfunge kamba!" Amna alikuwa akicheka mpaka anaziba mdomo kwa khanga. Lakini wakitoka nje, mtoto alinyamaza kimya. Ukimsalimia anakutazama tu. Hata mama yake mwenyewe akimsemesha uani, hajibu.

Sisi tukaamua ni bubu. Kwa hukumu za namna hiyo kijiji chetu hakichelewi. Kila aliyepita alikuwa na dawa yake ya kusimulia, na mwishowe Bi Zaina akakata shauri. Alikuwa na dada yake Mbwemkuru, na huko alikuwepo mganga aliyesifika kwa kufungua ndimi za watoto. Isihaka angepelekwa, angekaa huko msimu mzima wa kilimo mpaka mavuno. Shaibu akakubali.

Usiku huo Amna alimwambia mumewe, "Baba Isihaka, mwanao anasema."

"Anasema na nani?"

"Na mimi. Tukiwa ndani."

"Mnasema nini huko ndani?"

Hapo ndipo alipotakiwa kusimulia yote. Akayakumbuka magoti yake, akakumbuka ile mee yake. Angeweza hata kumwambia mumewe asimame nyuma ya ukuta asikilize. Wazo lilimjia, akalifukuza, maana mume akishamsikia mkewe analia kama mbuzi atamtazamaje tena? Mimi simtetei. Nasema tu ilivyokuwa.

"Maneno tu," akajibu.

Asubuhi Shaibu alimwita mtoto uani. "Isihaka, sema baba." Mtoto akamtazama mama yake, akanyamaza. Shaibu hakugomba. Alimshika mkewe begani kwa upole, kama mtu anayemfariji mfiwa, na Amna akaona heri angetukanwa.

Siku ya safari uani palijaa wanawake. Tulikuwa tumekwenda kusaidia kuchambua korosho kabla hazijapelekwa kwenye ghala la ushirika, na Bi Zaina alikuwa amekaa katikati yetu, ungo mapajani. Shaibu alikuwa anafunga kifurushi cha nguo za mtoto nyuma ya baiskeli. Isihaka alisimama kando, amevaa shati jipya, akitazama ile kamba inavyozungushwa. Hakulia. Sura yake ilikuwa ya mtu aliyeelewa kila kitu.

Amna alimtazama. Ghafla alizoa korosho kwenye rundo la Bi Zaina mwenyewe, akazimwaga chini, akapiga magoti. Akainamisha kichwa.

"Mee," akasema.

Tulidhani amepandwa na pepo. Akatambaa hatua chache, vumbi likamjaa mapajani, machozi yanamtoka, sauti inakwaruza. "Mee! Mchungaji yuko wapi? Mbuzi wanapotea!"

Mwanamke mmoja aliangua kicheko. Bi Zaina akaweka ungo chini polepole.

"Amna! Nani alikufundisha wewe?"

 Amna alikuwa anamtazama mtoto wake peke yake. Isihaka alitutazama mmoja mmoja, uso umemkunjamana kwa wasiwasi, kisha akaja mbio. Akaishika khanga ya mama yake, akaivuta kumfunika magoti.

"Mama, acha," akasema, wazi kabisa, kila mtu akasikia. "Hapa kuna watu. Watakucheka. Twende ndani ufunge mlango."

Kamba ya baiskeli ilimtoka Shaibu mkononi. Wanawake wakapiga vigelegele, mwingine akaita jina la Mungu, mwingine akaanza kusema kwamba yeye siku zote alijua. Shaibu alikuwa anarudiarudia, "Amesema! Mama, umemsikia? Amesema!" Hata Bi Zaina alishika shavu, akasahau swali lake.

Amna peke yake hakufurahi. Alibaki pale chini na uso umeshuka. Aliona aibu, na safari hii haikuwa ya wakwe wala yetu sisi. Mtoto wa miaka minne alikuwa ameyajua maneno yote hayo muda wote huo, akakubali kuitwa bubu, akakubali kupelekwa Mbwemkuru, ili kuficha kwamba mama yake anacheza naye.

"Twende ndani, mama," Isihaka akanong'ona tena, akimfuta vumbi.

"Tutacheza hapa hapa, baba," Amna akasema.

Mtoto akatikisa kichwa kukataa, akaendelea kuivuta ile khanga.