Mahindi Yaliyovuka Mto Athi

Siku yangu ya kwanza kazini, pale Mutomo, nilipewa koti jeupe lililokuwa la mtu mnene, baiskeli isiyo na breki ya mbele, na muhuri wa nyama. Muhuri huo tuliugonga kwenye paja la mnyama aliyechinjwa, ili wanunuzi wajue nyama imekaguliwa. Nilikuwa msichana mwembamba aliyetoka chuoni, kichwa kimejaa masomo ya minyoo na maji taka, na kabla jua halijawa kali mchinjaji mmoja alikuwa ameshaniuliza kama mama yangu anajua niko wapi. Nilimnyima muhuri kwa sababu ini la mbuzi wake lilikuwa na vifuko vya minyoo. Alinitukana kwa Kikamba, nikamjibu kwa Kikamba hicho hicho, na kuanzia hapo tukaheshimiana.

Cheo changu kilikuwa fundi wa afya ya umma. Wananchi walituita watu wa choo, kwa kuwa tulipita nyumba hadi nyumba tukiuliza nani amechimba na nani hajachimba. Sikulichukia jina hilo. Kuna watu wameitwa mabaya zaidi na hawajachimbisha hata shimo moja.

Aliyenipokea ni Afisa wa Afya wa Wilaya, mzee mwenye suti ya kaki iliyopigwa pasi mpaka ikang'aa. Aliniketisha akaniambia, "Wewe si daktari. Daktari hukutana na mtu akiwa ameshaugua. Wewe, kazi yako ikienda vizuri, hakuna kitakachotokea, na hakuna atakayekushukuru. Kama unataka shukrani, nenda ukasomee ukunga."

Kutoka Mutomo nilihamishiwa Migwani, na huko nikakutana na kipindupindu. Ninyi vijana mnaoanza kazi hii sasa mna dawa za maji za kila aina madukani. Sisi tulibeba klorini ya unga kwenye ndoo yenye kifuniko, tukaipima kwa kijiko, tukaimimina kwenye mapipa ya watu, tukawafundisha kusubiri kabla ya kunywa. Maji yakinuka klorini kidogo, yamefaa. Yasiponuka kabisa, uchafu umeshaimaliza dawa, unarudia. Kazi hiyo haikunishinda. Kilichonishinda ni mazishi. Tulizuia maiti isioshwe na jamaa, na tulizuia watu wasile matangani. Nikaona jinsi mtu anavyoweza kukuvumilia unapomchimbisha choo, lakini ukisimama kati yake na sufuria ya msiba, anakuona adui. Nilitoka Migwani nikidhani nimeshaona mabaya yote ya kazi hii.

Halafu nikapelekwa Kathonzweni.

Msimu ule njaa ilikuwa imekaa nchini muda mrefu. Mahindi yalipokomaa hatimaye, hakuna aliyesubiri yakauke shambani. Njaa ilikuwa sababu moja, na wezi sababu ya pili. Zamani kila boma lilikuwa na ikumbi, ghala la fito lililoinuliwa juu ya miguu ya miti, upepo ukipita chini na pembeni. Lakini ikumbi iko nje, na mwenye njaa huja na gunia lake. Kwa hiyo watu waliyavuna mahindi yakiwa mabichi, wakayatia magunia, wakayalaza ndani ya nyumba kwenye sakafu ya udongo, wengine chini ya kitanda walicholalia. Mvua isiyo ya wakati wake ikanyesha, na mahindi yakashika ukungu.

Ukungu huo hutoa sumu inayoitwa sumukuvu. Watu wetu waliiita afla, na wengi bado huiita hivyo. Haionekani kwa macho, na haifi kwa kuchemshwa. Unaweza kupika isyo, yaani mahindi na maharagwe, kutwa nzima na sumu ikabaki pale pale. Inashambulia ini. Macho yanakuwa manjano, tumbo linajaa, mtu anatapika, na watoto ndio hutangulia. Hata kabla ya watoto, mbwa walikuwa wamekufa na kuku wamekufa. Tuliona, lakini nani huitisha mkutano kwa ajili ya mbwa?

Afisa wa Afya wa Wilaya wa huku alikuwa mtu mpole, mwenye sauti ya chini kama yuko kanisani. Alitupangia kazi vizuri. Tulipita kila boma tukipima unyevu. Kipima unyevu kilikuwa kimoja kwa wilaya nzima, kwa hiyo wengi tulitumia chupa kavu na chumvi kavu: unatia mahindi na chumvi, unatikisa, unaiacha itulie. Chumvi ikinata kwenye kioo, mahindi ni mabichi. Yaliyooza tuliyachukua tukayafukia, na serikali ikaahidi gunia kwa gunia, utoe baya upewe zuri. Tuliyachukua mabaya. Lori la mazuri likachelewa, na kila ofisi niliyouliza ilinituma kwa ofisi nyingine. Mpaka leo nikikumbuka nyuso za akina mama walionikabidhi chakula chao huku wameniamini, ninakasirika upya.

Katika kijiji kimoja palikuwa na mama aliyeitwa Mwende. Kwa mila yetu tulimwita kwa jina la mwanawe, Mama Kyalo. Kyalo alikufa, na wiki hiyo hiyo dada yake mdogo, Kanini, akafa. Aliyebaki ni binti mkubwa aliyekuwa shule ya bweni. Majirani walinong'ona kwamba kuna mtu amewarushia kitu, yaani amewaroga. Magunia ya boma hilo tulikuwa tumeshayachukua, na kilichoniuma zaidi ni kwamba familia ilikuwa matangani bila chakula chake yenyewe, ikilishwa na kanisa.

Mkubwa wangu, yule afisa mpole, alitupa amri kabla hatujaenda kule. "Waambieni watu mahindi yenye ukungu ni hatari," alisema. "Lakini mfiwa msimwambie kilichomuulia mtoto. Majibu ya maabara hayajarudi kutoka Nairobi. Na hata yakirudi, mama aliyepika kile chakula, ukimwambia, umemzika na yeye pia."

Niliona ni amri ya busara. Bado naona hivyo, na ndiyo maana jambo hili halijanitoka moyoni.

Siku hiyo, pale matangani, nilikaa na akina mama waliokuwa wakichambua mboga. Mmoja akasema, katika mazungumzo tu, kwamba ni huruma Mama Kyalo alikuwa ametoka safari ya furaha karibuni. Baada ya kuvuna alikuwa amevuka mto Athi kwenda upande wa Kitui, kumwona mtoto mchanga wa dada yake. Mikono yangu ikasimama juu ya mboga. Kwetu hakuna mwanamke anayekwenda kuona mtoto mchanga mikono mitupu. Hubeba chakula, na aliyetoka kuvuna hubeba mavuno.

Nilimkuta jikoni peke yake, amekaa kwenye kigoda, moto umezimika.

"Mama Kyalo, pole," nilisema. "Ulipoenda kuona mtoto wa dada yako, ulibeba nini?"

"Sukari. Na sabuni."

"Mahindi hukubeba?"

Alininyanyulia macho. "Daktari, si mlimaliza kuchukua? Gunia zote mlibeba na gari. Lori yenu tunangoja mpaka leo. Sasa unataka hata ya dada yangu? Huyo ako na watoto wadogo, na bwana yake hana kazi."

"Dada yako anakaa wapi?"

"Sisemi."

"Mama Kyalo."

"Mimi nimesema sisemi. Hapa kwangu mmeacha njaa. Kwake mtaacha njaa pia. Mtoto ni mchanga."

Nilitoka nje nikatembea mpaka kwenye ua. Nilifikiria kumuuliza mumewe, lakini wanaume walikuwa makaburini, na nilijua angeuliza kwa nini, na nikimwambia yeye, mkewe angesikia kutoka kwake. Nilifikiria kumwambia nusu, kwamba mahindi yale huenda yana ukungu. Hilo lilikuwa limeshasemwa kanisani na barazani, na mwenye njaa hulisikia kama tangazo la mtu mwingine. Upande wa pili wa mto kulikuwa na watoto wanaoyala mahindi yale kila siku. Nikarudi ndani, nikachuchumaa mbele yake.

"Mama Kyalo, ni mahindi."

"Nini ni mahindi?"

"Iliyoua Kyalo na Kanini. Hakuna mtu amewarushia kitu. Ni mahindi yenu."

Hakulia. Alitazama mafiga, akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, "Mimi ndio nilikuwa napika."

"Najua. Hukujua wewe. Hakuna mtu alijua."

"Kyalo alikataa. Alisema iko uchungu. Nikamwambia akule, chakula haitupwi. Alikula juu mimi nilimwambia."

Nimefundishwa kupima maji, kukagua nyama, kuchimba shimo la taka umbali unaofaa kutoka kisimani, na hakuna darasa lililonifundisha la kusema hapo. Nilimshika magoti.

Baadaye kidogo akasema, "Kupita Mutomo, njia ya kulia, kuna kanisa ya mabati mapya. Uliza kwa Ndinda. Enda na haraka."

Mkubwa wangu alikuwa kwenye Landrova nje, akiandika. Nilimwambia nilichofanya. Aliweka kalamu chini. "Ulimwambia?" aliuliza. Nikasema ndiyo. Alifungua mlango wa upande wa pili. "Ingia twende," alisema, akawasha gari.

Tulipofika kwa Ndinda, isyo ilikuwa jikoni. Mtoto mchanga alikuwa ananyonya. Mtoto wake wa kwanza, msichana mdogo, alikuwa amelala mkekani mchana kweupe, na nilipomfungua kope, macho yalikuwa yameanza kuwa manjano. Ndinda alidhani ni malaria. Tulimbeba mpaka hospitali ya misheni, na mahindi tukayachukua yote, hata yaliyokuwa chunguni. Msichana yule alikaa wodini muda mrefu, akapona. Lori la gunia kwa gunia lilikuja baadaye, wakati wengi walikuwa wameshazoea kulala njaa au wameshazika.

Mume wa Mama Kyalo, alipojua, hakumlaumu mbele ya watu. Alikwenda Mombasa kutafuta kazi, akakaa huko. Ule uvumi wa kurogwa uliisha kijijini, na hiyo ilikuwa faida, kwa sababu kulikuwa na bibi mmoja mzee ambaye watu walikuwa wameanza kumtazama vibaya. Lakini uvumi ulipoisha, jibu lililobaki lilikuwa moja, na lilikuwa nyumbani kwa Mama Kyalo, likiamka naye kila asubuhi.

Nimestaafu sasa. Siku ya kuniaga nilipewa saa ya ukutani na maneno mengi kuhusu usimamizi wa majanga, maneno ambayo hatukuwa nayo tulipoanza. Nyinyi mnaoingia kazini mna maturubai ya kuanikia, mna mifuko inayobana hewa isiingie, mna ujumbe wa simu unaomfikia mkulima akiwa shambani. Vitumieni. Anikeni mahindi juu ya kitu, yasiguse udongo, na msione aibu kuitisha mkutano kwa ajili ya mbwa waliokufa. Ila nitawadanganya nikiwaambia kwamba vifaa vitawaokoa na ile sehemu ya kazi inayofanywa jikoni kwa mtu, bila koti wala muhuri.

Mama Kyalo anauza mboga na pojo, yaani choroko, sokoni Kathonzweni, na mimi hununua kwake. Huniongezea fungu bila kuombwa. Tunazungumza habari za mvua na bei, na za yule binti wa Ndinda, ambaye sasa ni mama wa watoto wake. Kwa miaka yote hiyo hatukuwahi kuitaja siku ile.

Mwezi uliopita, soko likiwa limetulia, aliniuliza huku akinipimia pojo, "Daktari, kama ingekuwa ni leo, ungeniambia?"

Nilitaka kutafuta jibu laini. Halikuwepo.

"Ningekuambia," nilisema.

Alitikisa kichwa kukubali. Akamalizia kupima, akafunga karatasi, akaniwekea mkononi.

"Basi ni sawa," alisema. "Hapa sokoni kuja tu, hata kila siku. Lakini nyumbani kwangu usikuje."