Vidole Pembeni mwa Picha

Mtaa mzima ulimwita Bwana Tulia, kwa sababu ndilo neno alilowaambia wote waliowahi kukaa mbele ya kamera yake. Tulia hapo hapo. Inua kidevu. Usicheke kwanza. Aliwapiga picha maharusi, vichanga, na wazee waliong'ang'ania kupakata redio ili ionekane ni yao. Nyumba gani pale haikuwa na kazi yake ukutani? Moja tu, nayo ni yake mwenyewe.

Mkewe alipofariki, waombolezaji waliulizia picha ya marehemu. Swali la kawaida msibani, lakini siku hiyo lilimkata maini. Kilikuwepo kitambulisho, na uso wake ulikwishafutika kwa kusuguana na funguo ndani ya pochi. Simu nazo hazikusaidia, maana mama yule kila alipoona mtu anainua simu alijiziba uso kwa kiganja na kusema yeye si mtu wa picha. Akazikwa hivyo hivyo, na wambeya wakapata la kutafuna: mpiga picha gani huyu?

Na wala mkewe hakukosekana kwenye picha. Alikuwamo katika zote. Ukuta wa studio ulikuwa mbovu, haushiki msumari, kwa hiyo shuka jeupe la nyuma ya wateja alilishika yeye, amejificha nyuma yake, mikono juu, miaka nenda miaka rudi. Vidole vyake vilichungulia juu ya shuka. Bwana Tulia alivikata kwa wembe na rula kabla ya kumkabidhi mteja picha, akajisifu kwamba kazi yake ni safi. Vipande alivifagia na takataka nyingine. Filamu zenyewe zililoweshwa na paa lililovuja, zikagandana, hazikufaa tena.

Basi akaanza kumjenga. Msidhani alichanganyikiwa, alijua vizuri anachofanya, na kilimuuma. Nguzo ya feni iliyokufa ikawa uti wa mgongo. Mabega yakawa kitundikio cha nguo kilicholegea upande mmoja, kwa kuwa na mkewe bega lake la kushoto lilishuka. Kichwa kikawa kikaango alichokisugua mama yule hadi kikapauka katikati. Kiuno kikawa kapu la nguo chafu, na chini kandambili zake, kisigino kimoja kimelika. Jirani aliyechungulia dirishani aliuliza kama siku hizi ananunua chuma chakavu. Bwana Tulia akamjibu kwamba chuma chakavu ndicho kinachochungulia dirisha la watu.

Kilichomshinda ni mikono. Alijaribu uma, ikawa makucha ya kuku. Akajaribu vibanio vya nguo, vikamtisha. Alipekua droo za jikoni asubuhi hadi jioni, asikumbuke ile mikono ilikuwaje hasa.

Bintiye alikuja kugawa vitu vya marehemu, kama walivyokubaliana na ndugu. Alipofungua mlango wa studio akatokwa na machozi, kwa sababu lile bega lilikuwa la mama yake kabisa. Alimwambia baba kwamba mjini vitu vya namna hii vinawekwa kwenye kumbi na watu wanalipa kuvitazama. Baba akasema hao wana nafasi kweli. Alichotaka yeye ni picha moja ya kutundika sebuleni, kabla kikaango hakijaenda kwa shangazi na kandambili hazijaenda jalalani.

Shuka lilihitaji mtu, na binti akaingia nyuma yake bila kuambiwa, akainua mikono. Baba akawa anahangaika na mwanga. Akauliza kile kidole cha mwisho cha mama kilichopinda kilikuwa cha mkono upi.

"Wa kulia, kama changu," binti akajibu nyuma ya shuka.

Baba hakuinua macho kutoka kwenye kamera. "Tulia hapo hapo," akasema, na hakuna aliyejua anamwambia nani.

Picha aliisafisha mwenyewe katika chumba chake cha giza, bafu la zamani lililozibwa dirisha. Ilitoka vizuri kuliko alivyotumaini. Mwanamke wa kikaango alisimama pale, bega limeshuka, kama anayetaka kuuliza chakula kipakuliwe au bado. Bwana Tulia aliianika mpaka ikakauka, akailaza mezani, akaweka rula ukingo wa juu, akapitisha wembe. Akapuliza vumbi, akamgeukia bintiye amwonyeshe kazi safi.

Binti hakuitazama picha. Aliinama chini ya meza akaokota kile kipande chembamba kilichoanguka, akakiweka mbele ya baba.

"Baba," akasema, "umemkata tena."

Vilikuwa vidole vya binti, vimeshika shuka, na cha mwisho cha mkono wa kulia kimepinda kwa ndani. Ndiyo mikono aliyokuwa akiisaka kwenye droo siku zote zile. Bwana Tulia alijaribu kukirudisha kipande mahali pake, akakisogeza huku na huku, mstari wa wembe ukabaki unaonekana. Mwishowe akaketi kwenye kiti cha wateja na kulia, mabega yote yakitikisika, na safari hii hakuna aliyemwambia atulie.