Mbuzi Mwenye Miwani

Kwa miaka ishirini na miwili alikuwa akinyoosha mashuka katika chumba cha kufulia cha hospitali, na wenzake walimwita Mama Pasi mpaka jina lake halisi likabaki kwenye kitambulisho tu. Hakukuwa na kunjo lililomshinda. Kilichomshinda kilikuwa nyumbani, kwenye kiti cha karibu na dirisha: kaka yake mkubwa.

Kaka huyo alikuwa mchora mabango. Bucha, vinyozi, maduka ya viatu, nusu ya maandishi ya mtaa ule yalitoka mkononi mwake. Kisha kiharusi kikampiga, mkono wa kulia ukalala usiamke. Akili timamu, ulimi mzima, ila maneno aliyatoa kwa ubahili. Mama Pasi akamhamishia kwake. Kutwa alichora kwa mkono wa kushoto, halafu akaifinyanga karatasi na kuitupa kwenye ndoo ya taka. Akiulizwa, jibu lilikuwa lile lile.

"Takataka, mdogo wangu. Niache."

Jioni moja, akienda kumwaga ndoo, Mama Pasi alikunjua karatasi moja. Alikuwa mbuzi amevaa miwani, kila mguu umepinda kwa njia yake, anatafuna kwa raha zake kama mtu aliyestaafu jana. Chini yake yameandikwa: SINA HARAKA. Mama Pasi alicheka peke yake pale jalalani. Aliikunja karatasi, akaitia kwenye mkoba.

Kazini kulikuwa na mfagizi wa wodi aliyependa kuvaa fulana yenye picha ya wajukuu wake.

"Nimeitengeneza mwenyewe," alimwambia. "Picha inachapwa kwenye karatasi yake maalumu, unailaza juu ya fulana, unapiga pasi, ikipoa unabandua. Wewe na pasi, shoga yangu, nani akufundishe?"

Basi akanunua fulana nyeupe ya pamba, akapeleka mchoro kwenye duka la kuchapishia. Binti wa mashine akauliza, "Mama, niigeuze kwanza?"

"Uigeuze nini? Kazi ya kaka yangu iache ilivyo."

Binti akabonyeza kitufe. "Haya, mama."

Jumapili mchana, kaka akiwa amejilaza, Mama Pasi alimwaga maji yote ya pasi, maana mvuke huharibu. Akatandika shuka juu ya meza ngumu, akainyoosha fulana mpaka unyevu ukaisha, akalaza karatasi kifudifudi. Kisha akakandamiza kwa uzito wa mwili mzima, akihesabu kimoyomoyo, pembe kwa pembe. Akangoja ipoe. Akabandua taratibu, kama anayeondoa plasta kwenye kidonda cha mtoto.

Mbuzi alitokea vizuri, miwani na yote. Lakini maneno! Aliyasoma mara mbili, jasho likimtoka. Herufi zote zilikuwa zimegeuka, zinatembea kinyumenyume.

"Huyo Akarah Anis ni nani?"

Kaka alikuwa amesimama mlangoni, ameegemea fimbo. Mama Pasi alitamani ardhi ipasuke.

"Umeitoa kwenye taka," kaka alisema.

"Ndiyo, kaka."

"Ungeniuliza."

"Ningekuuliza ungekataa."

Kaka alikaa mezani, akaishika fulana, akamkagua mbuzi wake. Mama Pasi alisubiri ugomvi. Miezi yote hiyo alikuwa akimwogopa kama mtu anayebeba trei ya glasi. Akimsaidia kufunga vifungo bila kumwangalia usoni, akisifu kila kitu, hata alichojua si kizuri. Leo alikuwa amemkosea waziwazi, na kwa namna fulani alihisi wepesi.

Mabega ya kaka yakaanza kutikisika. Alikuwa anacheka.

"Mpiga pasi mzima! Hujui kwamba kitu kikilala kifudifudi kinageuka?" Akafuta macho. "Nipe kalamu."

Kwa mkono wa kushoto akaandika SINA HARAKA kuanzia kulia kwenda kushoto, kila herufi imegeuza uso, bila kusitasita. Mama Pasi akaiinua karatasi mbele ya kioo cha kabati. Yalisomeka sawasawa, na yalikuwa yamenyooka kuliko chochote alichokuwa ameandika tangu augue.

"Vioo vya maduka tulikuwa tunaviandika kwa ndani, mvua isifute rangi," kaka alisema. "Lazima uandike kinyume." Akautazama mkono wake kana kwamba ndiyo kwanza anaonana nao. "Huu kwenda mbele haujui. Kurudi nyuma, kumbe unajua."

Fulana ya pili, iliyochapwa kwa maandishi hayo ya kinyume, ilitoka safi, na Mama Pasi akaivaa kwenda kazini. Ile ya kwanza kaka alikataa kabisa itupwe. Aliivaa alipokwenda kunyolewa, safari yake ya kwanza nje ya geti tangu alipougua. Kinyozi, aliyemjua kwa miaka mingi, alicheka mpaka akaweka mkasi chini. Kisha akaonyesha kioo chake cha mbele, rangi imebanduka.

"Mzee, utaniandikia tena?"

"Nitachelewa."

"Chelewa."

Ilimchukua siku tatu, mapumziko mengi, na herufi moja iliyofutwa mara nne. Mama Pasi alipita akitoka kazini siku ya tatu, akamkuta kaka ndani, rangi mpaka kwenye kiwiko, nywele za watu zimemganda kwenye viatu. Hakuingia kumsaidia. Alisimama barabarani upande wa pili wa kioo.

"Inasomeka?" kaka aliuliza kwa sauti, kutoka ndani.

Mama Pasi akaiangalia vizuri, kama anavyoangalia shuka kabla ya kulikunja.

"Inasomeka. Ila Z imekonda."

"Najua," kaka alisema, akachovya brashi tena.