Barua Zilizobaki Kwenye Mengineyo

Kwa miaka minne nilikuwa katibu wa tawi la chama chetu cha madaktari hapa Morogoro. Niliupata ukatibu kwa sababu hakuna mwingine aliyeutaka, na nilijua kuandika. Nilidhani kuandika ni kazi isiyoweza kumdhuru mtu.

Kamati tendaji ilikutana kila baada ya miezi mitatu, Jumamosi asubuhi, kwenye ukumbi wa hosteli ya masista. Ajenda haikubadilika: kufungua kikao, kuthibitisha muhtasari, yatokanayo, taarifa za kamati ndogo, mengineyo. Mwenyekiti alikuwa bingwa wa upasuaji aliyestaafu, na nusu yetu ndiye aliyetufundisha kushika kisu. Ikifika saa saba alifunika daftari lake. Mengineyo yaliyobaki, alisema, tutayachukua kikao kijacho.

Huko kwenye mengineyo ndiko nilikoiweka barua ya daktari wa kituo kimoja cha afya, juu Uluguru, njia ya Kinole. Nilimwita kaka. Nilipokuwa mwanagenzi ndiye aliyenifundisha kukaa na mzazi, mkono juu ya tumbo lake, hadi mfuko wa uzazi ukaze kama ngumi. Aliandika kwamba kituo kimepata chumba cha upasuaji lakini hakina jokofu la damu. Ameomba kwa wakubwa, hajajibiwa. Aliomba chama kimsemee, kwa kuwa masika barabara hukatika na damu ya mjini haipandi.

Saa saba ilitukuta kabla ya kuifikia. Alileta ya pili, nayo ikakutwa na saa saba. Alipoleta ya tatu alinipigia simu.

“Mdogo wangu, zimesomwa?”

“Bado, kaka. Muda ulituishia.”

“Masika yanakuja.”

“Safari hii naipandisha juu.”

Kweli niliipandisha, ikawa ajenda ya tatu. Mwenyekiti aliipitia rasimu ya ajenda mbele yangu, akiwa bado na miwani ya kusomea. “Sisi si watu wa kukimbizana na majokofu, binti yangu. Tukiwagombeza wakubwa sasa, mkutano mkuu nani atakuja kutufungulia? Irudishe ilikokuwa.” Nikairudisha.

Masika yakaingia. Mama mmoja alijifungua salama mtoto wake wa tatu, halafu akaanza kutoka damu. Dawa hazikusaidia. Kaka akampasua ili autoe mfuko wa uzazi, maana hakukuwa na njia nyingine iliyobaki, na akaagiza damu mjini. Pikipiki iliyobeba sanduku la damu ilikwama kwenye maporomoko ya udongo, na dereva akapanda kwa miguu, sanduku kichwani. Alipofika, mama alikuwa ameshafunikwa shuka.

Mume wake, mkulima wa karoti na kabichi, alituandikia barua. Ilikuwa fupi, kwa kalamu ya risasi. Kamati ya maadili iliipokea na kuifungulia jalada: lalamiko dhidi ya mwanachama.

Siku ya shauri walikaa wajumbe watano, mwenyekiti akiwa mgeni mwalikwa, nami pembeni nikiandika. Kaka alikuja na shati jeupe lililopigwa pasi vizuri. Walimuuliza kwa nini alifanya upasuaji mkubwa bila damu. Alijibu kila swali polepole. Mwishoni alinigeukia.

“Katibu, barua zangu tatu zilifika?”

Wote wakanitazama. Zilikuwa kwenye faili lililokuwa chini ya kiwiko changu.

“Hilo halimo kwenye shauri,” mwenyekiti alisema. “Tuendelee.”

Nami nikainamisha kichwa, nikaendelea kuandika. Kamati iliamua kwa kauli moja kumsimamisha uanachama na kulipeleka jalada lake kwenye baraza linalotoa leseni.

Nje, kwenye benchi, alikaa mwanamume aliyevaa koti la mvua, miguu ina tope hadi kwenye goti. Alikuwa yule mume. Hakuna aliyemwita ndani, wala mimi sikujua kwamba amekuja.

“Mama daktari,” aliniambia, “mbona wanasema nimemshtaki? Yule daktari alilia pamoja na mimi. Mimi niliuliza tu damu ilikuwa wapi.”

Kikao kilichofuata niliingiza swali la kaka kwenye muhtasari wa shauri, na chini yake tarehe tatu nilizopokea barua. Mwenyekiti aliamuru aya hiyo iondolewe. Nikasema sitaiondoa. Wajumbe wakatazama simu zao. Mmoja akatoa hoja ifutwe, mwingine akaunga mkono, ikafutwa. Nikaandika mistari miwili ya kujiuzulu na kuiacha mezani.

Nilimfuata kaka kwake Kihonda. Baraza halikuwa limeamua bado, lakini alikuwa ameshaacha kazi mwenyewe. Nilimsimulia yote, pamoja na rasimu na maneno ya mwenyekiti.

“Alikukataza kwa maandishi?”

“Hapana, kaka. Kwa mdomo.”

“Basi uliamua wewe.” Hakupandisha sauti. Mkewe alileta chai, naye akainywa bila kuniangalia tena.

Baadaye baraza lilimwona hana kosa. Chama kilimrudishia uanachama kwa mstari mmoja chini ya yatokanayo. Hakurudi mlimani. Chumba cha upasuaji kimefungwa kwa kukosa daktari, na wajawazito wenye shida huteremshwa kama zamani.

Nakala za zile barua nilikuwa nazo. Nilipanda nazo hadi kwa yule mume, kwa kuwa aliuliza na hakuna aliyemjibu. Mama yake alikuwa uani akimlisha uji yule mtoto wa tatu. Nilimwamkia, kisha nikaketi kwenye kigoda. Mwanamume aliniomba nisome kwa sauti. Nikasoma zote tatu. Nikamwambia zilikaa kwa nani, na kwa nini.

Alinyooshea kidole karatasi ya juu.

“Hii ya kwanza ilikuwa mwezi gani?”

Nikamtajia. Akahesabu kwa vidole, midomo ikicheza.

“Mimba ilikuwa haijaonekana,” alisema.

Akainuka, akachukua jembe lake ukutani, akateremka shambani. Mama yake aliendelea kumlisha mtoto, na hakuna aliyeniambia niondoke wala nibaki.